Kutoka Kupigwa hadi Kupigiana Picha: Historia ya Picha za Maisha ya Kila Siku Masisi na Walikale

1. Utangulizi

Mkazi wa Goma au wa Masisi akisema kwamba alikwenda kupiga picha, msikilizaji hawezi kujua papo hapo kama msemaji alikuwa nyuma ya kamera au mbele yake. Kitenzi kimoja kinabeba maana zote mbili: mwenye chombo anapiga picha, na aliyevaa nguo zake nzuri akaketi kwenye kiti cha studio naye husema amepiga picha. Hata hivyo, Kiswahili kina minyambuliko ya kuondoa utata huo. Aliyetazamwa bila kuulizwa amepigwa picha. Aliyelipa ili sura yake itolewe amepigisha picha. Marafiki wanaopokezana kamera, huyu akimpiga yule na yule akimpiga huyu, wanapigiana picha.

Makala haya yanaifuata minyambuliko hiyo kama njia ya kusimulia historia ya upigaji picha katika Masisi na Walikale, teritwari mbili jirani za Kivu ya Kaskazini, na katika mji wa Goma ambao watu wa teritwari hizo huutegemea kwa biashara, masomo na hifadhi wakati wa vita. Hoja kuu ni kwamba picha za maisha ya kila siku za sehemu hizi hazikuwa chache kwa sababu ya uhaba wa kamera tu. Zilikuwa chache hasa kwa sababu, kwa muda mrefu, aliyepigwa hakuwa na nafasi ya kuijadili picha yake. Kazi ya wapiga picha wa ridhaa wanaoonyeshana picha zao na kukosoana kirafiki ni sura mpya ya historia hiyo, nayo inawahusu wataalamu wa Kiswahili kwa kuwa inafanyika kwa Kiswahili.

Yafaa kukumbusha kwa ufupi hali ya nchi zenyewe. Masisi ni nchi ya milima na malisho, ya ng'ombe, jibini, maharagwe na viazi, yenye ukungu asubuhi na jua kali adhuhuri. Walikale, iliyo kubwa kuliko teritwari zote za jimbo, imefunikwa kwa sehemu kubwa na msitu, na mwanga wake ni wa kuchuja majani. Wahunde, Wanyanga, Wakano, Watembo, Wahutu, Watutsi na wengine wanazo lugha zao, lakini sokoni, shuleni na barabarani Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Hata neno la jambo linalojadiliwa hapa lina njia mbili: picha, lililotoka katika Kiingereza kupitia Afrika Mashariki, na foto, lililotoka katika Kifaransa cha shule na ofisi. Mtu mmoja anaweza kuyatumia yote mawili katika sentensi moja bila kuona ajabu.

2. Kupigwa: kamera ya mtawala na ya msafiri

Historia ya picha nchini Kongo iliingiwa mapema na mzozo juu ya ukweli. Mwaka 1904, katika misheni ya Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, mtu wa Wala, akiwa ameketi akiutazama mkono na mguu wa binti yake mdogo aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo na nyingine za namna yake zilionyeshwa kwa taa ya slaidi katika mikutano ya Ulaya na Marekani, zikasaidia kuuangusha utawala binafsi wa Mfalme Leopold wa Pili mwaka 1908. Basi haiwezi kudaiwa kwamba kila picha iliyopigwa na mgeni ilikuwa ya kudhuru. Lakini hata picha iliyotetea haki ilisafiri kuelekea upande mmoja: ilitoka Kongo, ikajadiliwa kwingine, kwa lugha nyingine.

Baada ya hapo kamera iligeuka kuwa chombo cha kuorodhesha. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyefika Léopoldville mwaka 1924, alizunguka Kongo na nchi jirani akakusanya mfululizo mashuhuri wa picha na kadi za posta alioupa jina la Kifaransa lenye maana ya Afrika inayotoweka. Jina hilo linatosha kuonyesha msimamo. Waliopigwa walitazamwa kama mabaki ya zamani, na nguo za kisasa au baiskeli havikuwa na nafasi katika fremu. Mtu hakuwa yeye mwenyewe. Alikuwa mfano wa kabila lake.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya kikoloni iliunda idara yake ya habari na picha, Congopresse. Picha zake nyingi zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Kwa upande wa Kivu, propaganda ya wakati ule ilisifu hewa ya baridi, ziwa, volkeno na mashamba ya walowezi. Huu ndio wakati ambapo kati ya 1937 na 1955 utawala uliendesha mpango wa kuwahamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda, hasa eneo la Gishari, ili kupata wafanyakazi na kupunguza msongamano kule walikotoka. Migogoro ya ardhi na uraia iliyozaliwa na mpango huo haikuonekana katika kadi za posta. Kilima kinapopigwa kama mandhari tu, swali la nani analima kilima hicho hubaki nje ya picha.

Mwaka 1956 Congopresse ilimwajiri Joseph Makula, mzaliwa wa Stanleyville, akawa Mkongomani wa kwanza kufanya kazi ya mpiga picha katika idara hiyo. Hii ilikuwa hatua kubwa, ingawa kilichochapishwa bado kiliamuliwa na ofisi.

3. Kupigisha: sanduku, studio na kadi

Pembeni ya picha za serikali kulikuwa na biashara ndogo ambayo wanahistoria wamechelewa kuitambua. Antoine Freitas, aliyezaliwa Angola, alitembea na kamera ya sanduku hadi Kasai, na picha inayomwonyesha akiwa kazini mwaka 1939, amezungukwa na umati, imekuwa maarufu. Sanduku hilo lilikuwa kamera na chumba cha giza kwa pamoja. Mpiga picha aliingiza karatasi yenye dawa ndani, akaiangazia, akaisafisha kwa maji ya dawa yaliyomo humo humo, akapata sura iliyogeuzwa, weusi ukiwa mweupe. Kisha aliipiga picha karatasi hiyo yenyewe, na sura ya kweli ikatokea. Kazi yote ilifanyika mbele ya mteja. Aliyesimama foleni aliona kazi ya mwenzake ikitoka, akaisifu au akaicheka, kabla zamu yake haijafika. Ukosoaji wa picha mbele ya watu, kwa hiyo, si jambo lililoletwa na simu za mkononi.

Studio zilifuata njia hiyo hiyo kwa utulivu zaidi. Katika pwani ya Waswahili, studio ya N. V. Parekh mjini Mombasa na Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilihifadhi sura za vizazi vya maharusi, wanafunzi na marafiki. Huko Kinshasa, Jean Depara aliwapiga vijana wa mjini usiku na mchana kuanzia miaka ya 1950. Mteja wa studio alikuwa na madaraka ambayo aliyepigwa na Zagourski hakuwa nayo. Alichagua nguo, pazia la nyuma, na mtu wa kukaa naye. Asiporidhika alilalamika, na malalamiko yake yalikuwa hakiki: uso umekuwa mweusi mno, macho yamefumba, miguu imekatwa. Kilalamiko hiki cha mwisho kinasikika kote Afrika Mashariki, kwa sababu picha ya heshima ilitakiwa kumwonyesha mtu mzima, kuanzia kichwa hadi viatu. Viatu viligharimu fedha. Mpiga picha aliyeviacha nje alikuwa amemnyang'anya mteja sehemu ya ujumbe wake.

Serikali nayo iliendelea kuwahitaji wananchi wenye sura. Mwaka 2005 Tume Huru ya Uchaguzi ilipeleka vifaa vya kuandikisha wapiga kura nchini kote, vikiwa na kompyuta na kamera ya dijitali, na kadi yenye picha ilichapishwa pale pale. Zaidi ya watu milioni 25 waliandikishwa kabla ya uchaguzi wa Julai 2006. Kwa kuwa kitambulisho cha taifa hakikuwa kikitolewa, kadi hiyo ilitumika kupita vizuizi, kupokea fedha na kusafiri. Masisi, ambako mabishano kuhusu nani ni raia yalikuwa yamemwaga damu, kadi hiyo ilikuwa na uzito zaidi. Picha ndogo, isiyo na tabasamu wala pazia, iligeuka kuwa dai la kuwa mtu wa mahali fulani.

4. Kupigwa tena: vita na kamera za dunia

Mnamo Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Maelfu ya watu walikufa na wengi zaidi wakakimbia. Vita hiyo haikuvuta kamera za ulimwengu. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1994, wakimbizi karibu milioni moja waliingia Goma kutoka Rwanda, kipindupindu kikawaua maelfu kwa maelfu, na wapiga picha wakubwa wa dunia, miongoni mwao Sebastião Salgado, walikuwapo. Tangu hapo jina la Kivu likafungamana na aina moja ya picha: umati, hema, maiti, bunduki.

Katika makambi hayo hayo kulikuwa na kazi nyingine ya kamera, isiyojulikana sana. Watoto waliopotezana na wazazi wao walipigwa picha mmoja mmoja, kwa maelfu, na picha hizo zikabandikwa kwenye mbao ili ndugu wapite na kuwatambua. Mashirika ya misaada, yakiwemo UNICEF na Msalaba Mwekundu, yalizitumia katika kuunganisha familia. Picha hizi hazikuwa na ufundi wa kujivunia: uso, kifua, mwanga wa kutosha. Kipimo chake kilikuwa kimoja tu, nacho ni kufanana. Mama aliyesimama mbele ya ubao alikuwa mhakiki mkali kuliko mwamuzi wa tuzo yoyote, kwa maana kosa la mpiga picha lingeweza kumgharimu mtoto.

Mfano wa kinyume ulitokea miaka kumi na sita baadaye. Kuanzia mwaka 2010 Richard Mosse, raia wa Ireland, alipiga picha mashariki mwa Kongo kwa filamu ya Kodak Aerochrome. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa matumizi ya kijeshi, kwa kuwa inanasa mionzi isiyoonekana kwa macho na kuyatofautisha majani hai na vitambaa vya kujificha. Katika picha zake milima ya kijani ya Kivu ilitokea ikiwa ya waridi. Mfululizo wa Infra, kisha kazi ya video ya The Enclave iliyowakilisha Ireland katika maonyesho ya Venice mwaka 2013, vilimletea sifa na lawama. Watetezi walisema rangi hiyo inamlazimisha mtazamaji aliyechoka na habari za Kongo kutazama upya. Wapinzani walisema inaipamba vita. Pande zote mbili zilizungumza juu ya mtazamaji wa mbali. Kwa mchungaji wa Masisi, kijani cha malisho si rangi iliyozoeleka na kuchosha. Ni habari: anajua kwa kijani kama mvua imechelewa, kama malisho yamekaliwa au yameachwa, kama shamba lina mwenyewe. Ukimwondolea rangi hiyo umemwondolea maana, hata kama umempa uzuri. Hoja hii haifuti thamani ya kazi ya Mosse. Inaonyesha tu ni mhakiki gani hakuwapo kwenye baraza.

5. Kupiga: wenyeji nyuma ya kamera

Mabadiliko yalitoka mjini kwanza. Kituo cha Yole!Africa cha Goma, kilichoasisiwa na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, kiliwapa vijana mahali pa kujifunza filamu, muziki na picha, na pia mahali pa kubishana juu ya kazi zao. Baadaye kikaja kizazi cha wapiga picha ambao sasa wanajulikana nje ya nchi: Ley Uwera, Pamela Tulizo, Arlette Bashizi, Guerchom Ndebo, Moses Sawasawa, Raissa Karama Rwizibuka na wengine. Sawasawa ni mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha Goma Œil. Tulizo alipata tuzo ya upigaji picha ya Dior mwaka 2020.

Mwaka huo huo tukio la bahati mbaya lilizaa nafasi. Mpiga picha Finbarr O'Reilly alikuwa amepewa tuzo ya Carmignac ili aripoti juu ya Kongo. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga mipaka, kazi iligeuzwa kuwa ya pamoja, Wakongomani wakipiga wanachokiona na yeye akiratibu. Mradi ukaitwa Congo in Conversation, yaani Kongo katika mazungumzo, na ukatolewa kuwa kitabu. Ndani yake vita haikufichwa, lakini ilikaa pamoja na mitindo ya mavazi, ndoa, masomo, foleni za maji na mazingira. Wazo la kuipa siku ya kawaida nafasi lilikuwa limeshajitokeza kwingine barani: mradi wa Everyday Africa ulianza mwaka 2012 kwa picha zilizopigwa kwa simu, ukiwa na lengo la kuonyesha kile ambacho habari za dharura huacha.

Hawa ni wataalamu au wako njiani kuwa wataalamu. Nyuma yao wapo wapiga picha wa ridhaa: mwalimu, muuguzi, mwanafunzi, mwendesha pikipiki, fundi simu. Kilichowawezesha ni simu ya bei nafuu. Hapa historia ya kiufundi ina funzo lake. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu za rangi zilisawazisha kazi zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na matokeo yake nyuso nyeusi zilitoka bila umbo, hasa zikiwa karibu na nguo nyeupe. Baadaye kampuni za simu zilizolenga soko la Afrika, kama Tecno, zilitangaza kamera zilizorekebishwa kwa ngozi nyeusi. Tatizo halijaisha. Kamera inayojipimia mwanga hudhani kwamba kila kinachotazamwa kina wastani wa kijivu. Mwanafunzi mwenye shati jeupe akisimama juani Masisi, kamera huogopa weupe wa shati na kulitia giza uso. Dawa yake ni rahisi: msogeze kivulini huku akielekea anga wazi, sogea karibu, pima mwanga kwenye uso. Walikale tatizo ni la kinyume, kwani chini ya miti mwanga ni mchache, mkono ukitikisika kidogo picha inakuwa na ukungu. Maarifa haya hupitishwa kwa mdomo, mtu kwa mtu.

Kuna kinaya ambacho mwanahistoria hawezi kukipita kimya. Simu hizo zinahitaji tantalamu na bati. Machimbo ya Rubaya, Masisi, yamekadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, na Bisie, Walikale, imetoa bati tangu madini yalipogunduliwa huko mnamo 2002. Udongo wa teritwari hizi ulikuwa tayari umo ndani ya kamera za ulimwengu kabla kamera hizo hazijarudi mikononi mwa wenyeji.

6. Kupigiana na kukosoana

Mtu akiwa peke yake na simu anapiga picha. Wakiwa watatu, simu ikizunguka toka mkono hadi mkono, wanapigiana picha na kukosoana. Neno hili la pili linastahili kuchunguzwa. Kosoa limetokana na kosa kwa kiambishi kile kile kinachogeuza funga kuwa fungua na choma kuwa chomoa, yaani kiambishi cha kutendua. Kwa asili yake, basi, kukosoa ni kulitoa kosa mahali lilipoingia, sawa na kuchomoa mwiba. Matumizi ya siku hizi yameliegemeza neno upande wa lawama, lakini umbo lake linahifadhi adabu ya zamani: anayekosoa ana wajibu wa kuonyesha namna kosa linavyotendulika. Anayesema tu kwamba picha ni mbaya hajakosoa. Ametaja kosa akaliacha mahali pake.

Vigezo vya ukosoaji huo vinajitokeza katika maneno yenyewe. Cha kwanza ni kutoka: picha imetoka, au haikutoka. Msemo huu unarithi sanduku la Freitas na chumba cha giza, ambako sura ilitoka kweli ndani ya maji, na unaishi hata pale ambapo hakuna tena filamu. Cha pili ni kufanana. Waganda huziita picha ebifananyi, jina la shina moja na kitenzi cha Kiswahili fanana. Na mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens na Rumanzi Canon ili kuzionyesha upya picha za kale za nchi hiyo, umedhihirisha jinsi watazamaji wanavyoisahihisha picha kwa kumtaja nani ni nani. Cha tatu ni heshima: je, mtu ameonyeshwa kama ambavyo angependa watoto wake wamwone? Mama anayebeba kuni mgongoni anaweza kupigwa akiwa ameinama, uso haupo, mzigo tu. Anaweza pia kupigwa akiwa ametua, anafuta jasho, anazungumza na jirani. Picha zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inaonyesha umaskini, ya pili inamwonyesha mtu aliye katika umaskini.

Cha nne ni ridhaa. Kiswahili kinamwita asiyelipwa mtu wa ridhaa, na neno hilo hilo ndilo linalotaja kukubali kwa anayepigwa. Mpiga picha wa ridhaa asiyepata ridhaa ya anayempiga anapingana na jina lake. Katika Masisi na Walikale hili si suala la adabu peke yake. Sheria na mazoea ya vyombo vya usalama yamezuia tangu zamani kupiga madaraja, viwanja vya ndege na kambi. Mwenye silaha akiikagua simu kizuizini, picha ya harusi inaweza kusomwa kama orodha ya majina. Kwa hiyo rafiki mwema hukosoa pia kile kinachoonekana nyuma: kilima kinachotambulika, bango la shule, uso wa kijana aliyepita bila kujua. Kumwambia mwenzako afute picha nzuri kwa ajili ya usalama wa mtu mwingine ni ukosoaji wa hali ya juu.

Desturi ya kujadili kazi hadharani ina mizizi mirefu hapa. Mwaka 1956, huko Walikale, msimulizi Mnyanga Shé-Kárisi Rureke alitamba utenzi wa Mwindo kwa siku kumi na mbili, akicheza na kuigiza, huku wasaidizi wakipiga mdundo na hadhira ikiitikia. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walichapisha maandishi yake mwaka 1969. Kilichobaki kwenye karatasi ni maneno ya Rureke. Lakini kazi ilikuwa ya waliokuwapo wote, kwa kuwa msimulizi aliyeachwa bila mwitikio asingeweza kuendelea. Picha inayopita mkononi mwa marafiki inaishi namna hiyo. Maelezo, utani, sifa na swali la kila mtu vinakuwa sehemu yake.

Wataalamu wa Kiswahili cha Kongo wana kielelezo cha namna ya kuhifadhi mazungumzo ya aina hii. Miaka ya 1973 na 1974 huko Shaba, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya nchi katika picha zipatazo mia moja, na Johannes Fabian akarekodi mazungumzo yao kwa Kiswahili kuhusu picha hizo. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1996. Michoro bila mazungumzo ingebaki mapambo ya ukutani; pamoja na mazungumzo ikawa historia.

7. Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa haikwenda kwa mstari ulionyooka. Kupigwa hakujakwisha kwa sababu kupigiana kumeanza. Januari 2025 mapigano yaliufikia mji wa Masisi na kisha Goma ikatekwa na M23 mwishoni mwa mwezi huo; Machi 19 mwaka huo mji wa Walikale nao ukaingiwa, kabla wapiganaji hawajauacha mwanzoni mwa Aprili. Mnamo Februari makambi yaliyozunguka Goma, walikokuwa wamehifadhiwa wengi waliotoka Masisi, yalibomolewa na watu wakatakiwa kurudi makwao. Mtu anayekimbia mara tatu hawezi kubeba albamu ya ukoo. Simu ikiibiwa kizuizini, arusi, maziko na mwaka wa kwanza wa mtoto vimekwenda nayo. Hapo inaonekana faida ambayo haikukusudiwa na yeyote: picha iliyogawiwa marafiki ili waikosoe inabaki kwao baada ya mwenyewe kuipoteza. Kugawana kumekuwa namna ya kuhifadhi.

Idara za Kiswahili na za historia katika vyuo vya Goma, Bukavu na Lubumbashi zina kazi tatu za haraka. Ya kwanza ni kukusanya msamiati wa picha unaotumika Kivu, wa foto na wa picha, kabla haujasahauliwa pamoja na filamu na studio. Ya pili ni kukusanya nakala za picha za familia, kwa ridhaa ya wenyewe, zikiwa na maelezo ya mdomo ya wale wanaozifahamu nyuso. Mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi, ulioongozwa na wanahistoria wa chuo kikuu cha mji huo tangu mwaka 2000, umeonyesha kwamba wananchi huleta vitu vyao wakiona kwamba vinaheshimiwa. Ya tatu ni kuwafundisha wanafunzi kwamba picha isiyo na jina la mtu, mahali na mwaka ni hati nusu.

Mtafiti wa miaka hamsini ijayo atapata bila shida picha za bunduki za Masisi, kwa kuwa zimehifadhiwa Ulaya na Marekani kwa uangalifu mkubwa. Atakachokitafuta kwa taabu ni picha ya kijana akisukuma chukudu ya viazi kuelekea Sake, ya wauza mafuta ya mawese wakipatana bei katika soko la Walikale, ya mwalimu akiandika ubaoni siku ambayo hakuna kilichotokea. Picha hizo zinapigwa leo, na wanaozipiga wanaambiana kwa Kiswahili kwamba mwanga umetosha, kwamba uso umetiwa giza, kwamba viatu vimekatwa na picha ipigwe tena.